Hamu ya Ngara

Mwaka ule Pasiteri Gakwaya aliamua kuwahubiria waumini wake wa Rebero, mtaa wa Kigali, habari ya imani ya Jumatatu. Alikuwa amechoka na imani ya Jumapili, ile ya watu wanaokuja wamependeza, wanaimba mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kisha kesho yake ukikutana nao kazini wanakupita kama hawakujui. "Mungu hakai kanisani kama mlinzi anayelinda viti," aliwaambia. "Yuko jikoni kwako. Yuko kwenye foleni ya magari." Watu waliitikia amina, wakacheka kidogo, wakaenda zao.

Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na tatizo ambalo hakumwambia mtu. Jumatatu ilikuwa inamshinda yeye mwenyewe. Aliomba kila asubuhi kwa Kinyarwanda kilichonyooka, na akimaliza alijihisi kama mtu aliyesoma taarifa ya habari redioni. Zamani haikuwa hivyo. Zamani, kule Ngara, upande wa Tanzania, alikozaliwa wazazi wake wakiwa wakimbizi, aliomba kwa Kiswahili akipita kwenye migomba na ndoo ya maji kichwani, na Mungu alikuwa karibu kama mtu unayetembea naye njia moja. Kisha vita vikaisha, wakarudi Rwanda. Gakwaya akasoma, akaoa, akapewa kanisa. Kinyarwanda kikawa lugha ya madhabahuni, Kiingereza kikawa cha semina, na Kiswahili kikabaki cha kuhesabia na kuotea ndoto.

Mkewe, Winifred, alikulia Mbarara, Uganda. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizini, basi. "Umeanza tena kuongea kama polisi," alimtania kila alipomsikia akiimba peke yake bafuni. Alisema kwa mapenzi, lakini Gakwaya aliacha kuimba.

Hamu ile aliificha kwa sababu ilimtia aibu. Utamwambiaje mtu kwamba unatamani ukimbizini? Baba yake alikaa kule zaidi ya miaka thelathini akiililia Rwanda, akafia kule, kitanda chake kimeelekezwa magharibi ili uso utazame kwao. Na yeye, mwana, aliyepewa kile ambacho baba alinyimwa, alikuwa akikaa barazani jioni, taa za Kigali zikiwaka kilima baada ya kilima, akitamani vumbi la Ngara.

Siku moja mwezi wa tano Christella alimpigia simu. Christella alikuwa shemasi kanisani kwake, mwanamke wa wizarani huko Kacyiru, mnyoofu, wa kufika kabla ya wakati. Hakuwa mtu wa kulia. Siku hiyo alikuwa analia.

"Pasiteri, njoo umwombee mama. Amefunga mzigo tena."

Mama yake, Mukandekezi, alikuwa amevuka sabini na akili ilikuwa inampotea. Ilianza kwa sufuria kuungua jikoni, ikaja kwa majina ya wajukuu, na sasa Kinyarwanda chenyewe kilikuwa kinamponyoka. Watu walishangaa, lakini aliyejua maisha yake asingeshangaa. Alivushwa mpaka akiwa mtoto mdogo, wazazi wake hawakufika, na aliyemlea kule Ngara alikuwa Mwalimu Mhando, mtu wa Tanga, pamoja na mkewe. Kiswahili ndicho alichofundishwa nacho kula, kunawa, na kusema samahani. Baadaye aliolewa na Mnyarwanda mwenzake, akazaa, akawaimbia watoto wake habari za Rwanda ambayo yeye mwenyewe aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka harufu.

Gakwaya alimkuta barazani, amevaa koti la mvua na jua linawaka, furushi la kitenge liko miguuni. Alipiga magoti, akaomba kwa Kinyarwanda, akamshukuru Mungu aliyewarudisha watu wake katika nchi ya mababu zao. Mukandekezi alimtazama kama mtu aliyejibanza chini ya paa anayengoja mvua ikatike aendelee na safari. Amina ilipofika akasema kwa Kiswahili:

"Umemaliza? Haya. Nataka kwenda nyumbani."

"Uko nyumbani, mama," Christella alimjibu kwa Kinyarwanda. Ilionekana alishalisema hilo mara nyingi, na kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Gakwaya akajaribu njia aliyoizoea. "Mama," akasema kwa Kiswahili, "nyumbani kwetu sote ni mbinguni."

"Mimi sifi leo," mama akamkata. "Nakwenda Ngara. Mama Mhando ananitafuta, hajui niko wapi."

Gakwaya alijikuta anasema, kabla hajapima: "Mimi nimezaliwa Ngara."

Mama akageuka mwili mzima. Ni kama mtu amefungua dirisha ndani ya uso ule. "Wewe? Mtoto wa nani?"

"Wa Rwema. Fundi wa milango."

"Rwema huyu anayeimba akiranda mbao?"

 Ni kweli, baba yake aliimba akiranda. Lakini tangu amzike, hakuna mtu aliyekuwa amemtaja kama mtu aliye hai, anayeranda mbao sasa hivi, ambaye ungeweza kumpita njiani ukamsalimu.

"Ndiye huyo," akasema. "Anaimba mno."

"Anaimba vibaya," mama akasema, wakacheka wote wawili mpaka Christella, aliyekuwa ameingia ndani, akatoka kuona kuna nini.

Walikaa pale mpaka jua likapungua makali. Mama aliuliza kama kahawa imeanikwa, kama kisima cha chini bado kina vyura. Gakwaya alijibu kwa maneno ambayo hakujua kwamba bado anayo. Yalikuja yenyewe, moja likimvuta jingine mkono. Alipoinuka kuondoka, mama alimshika mkono wa koti.

"Utanipeleka lini?"

"Ijumaa," akasema, kwa wepesi ule ule wa mtu anayemwambia mtoto atamnunulia ndege.

Christella alimsindikiza mpaka getini. Hapo akamgeukia.

"Mbona umemdanganya?"

"Atasahau, dada. Na ametulia moyo, umeona."

"Nimeona." Alishika komeo bila kulifungua. "Pasiteri, nilikuita unisaidie kumrudisha. Wewe unaondoka naye. Unajua nani aliniambia nisahau ya kule? Ni yeye. Nilifika hapa nina miaka kumi na moja, shuleni wakanicheka matamshi yangu, nikarudi nalia. Akaniambia, tumefika sasa, mwanangu, yaache ya kule. Nikayaacha. Kiswahili chote nikakitupa. Nimejifunza kuwa wa hapa kwa jasho. Leo anataka kurudi, na mimi sina hata lugha ya kumfuatia."

 Gakwaya alisema watazidi kuomba, na akajichukia kwa kulisema.

Lakini jioni ile alikuwa na furaha, na hakuweza kuificha. Winifred alimsikia akipiga mluzi akiosha gari. "Kuna nini huko kwa Christella?" akauliza. "Mama yake anamfahamu baba," Gakwaya akajibu, na Winifred, aliyeolewa na mume ambaye baba yake hakuwahi kumwona, akasimama mlangoni na kitambaa mkononi akingoja asimulie. Yeye akaendelea kusugua magurudumu. Ilikuwa furaha ndogo mno, aliogopa kuigawa.

Ijumaa ilifika na Gakwaya hakukumbuka kwamba ni Ijumaa. Alikuwa kwenye mkutano wa wachungaji huko Kacyiru, wanajadili vyeti na majengo, simu yake iko kimya mfukoni. Alipoitoa wakati wa chai alikuta Christella amepiga mara nyingi. Mama hayupo. Msaidizi wa nyumbani alikuwa anaanua nguo nyuma, geti likaachwa wazi, na jirani amemwona mama, koti la mvua na furushi, anapanda pikipiki ya abiria. Christella alishatoa taarifa polisi. Vijana wa mtaani walikuwa wanateremka kilimani kila upande, wanaita.

Gakwaya alijua mahali. Alitoka bila kuaga, akamwambia Christella kwa simu, akashika njia ya Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi.

Njiani alijaribu kuomba. Maneno ya Kinyarwanda yalikuja kwa mpangilio wake, utukufu kwanza, toba, kisha maombi, naye akayaacha yapite kama magari ya upande wa pili. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake: hajasahau. Kasahau sufuria na wajukuu na nchi nzima, na neno langu la ovyo amelishika.

Nyabugogo siku ya Ijumaa ni kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Gakwaya alipita katikati ya wapagazi wenye magunia ya viazi, wauza mikate, mawakala wanaotaja miji ya nchi nzima kwa pumzi moja. Aliuliza mabasi ya Rusumo, yanayokwenda mpakani. Wakala mmoja, kijana mnene wa koti la kung'aa aliyeitwa Sangwa, akaitazama kola yake ya uchungaji.

"Weye ndiyo Pasiteri? Mama iko hapa. Iko salama, amekula. Nilitaka kumupandisha basi ya kwanza, akakataa kabisa. Anasema mutoto wa Rwema anakuja."

Alikuwa amekaa nyuma ya ofisi ya tiketi, juu ya magunia ya maharage, miguu imening'inia kama ya msichana. Pembeni yake walikuwa wanawake wawili wafanyabiashara, watu wa Goma, upande wa Kongo, wakingoja mzigo wao, na mama alikuwa anawaeleza jinsi ya kufunga furushi lisilegee. Walikuwa wanamwelewa. Hapo ndipo Gakwaya alipotambua kwamba kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa akimwelewa mama huyu, na kwamba hapa, katika kelele hizi, kila mtu alikuwa anaongea lugha ya nyumbani kwake. Uso wa mama ulikuwa umetulia kabisa.

"Umechelewa," akamwambia. "Lakini umekuja."

Gakwaya akakaa juu ya gunia.  "Mama, nilikudanganya," akasema. "Nilikuambia Ijumaa, na sikuwa na nia ya kuja. Nilisahau. Nisamehe."

Mama alimtazama kwa makini, kama anayesikiliza habari za mtu mwingine asiyemjua. "Umekula?" akauliza. Akafungua karatasi iliyokuwa mapajani, akavunja andazi, akampa kipande kikubwa.

Akala. Lilikuwa andazi la asubuhi, gumu, lenye mafuta mengi, na alilila huku machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, mbele ya wanawake wa Goma, mbele ya Sangwa aliyejifanya anahesabu tiketi. Alikuwa ameshawamegea watu mkate wa Bwana kwa miaka mingi. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimmegea yeye.

"Mimi pia nataka kwenda, mama," akasema alipoweza.

"Basi omba tuondoke. Mwalimu Mhando hasafiri bila kuomba."

Akafumba macho. Karibu yake mtu alikuwa anaita Rwamagana, Kayonza, Kirehe. Akaomba kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kujua sentensi inayofuata itatoka wapi. "Mungu," akasema, "tunataka nyumbani. Tulipokuwa kule tulitaka huku, tuko huku tunataka kule. Nimewaambia watu uko kila mahali, na mimi sijakuona muda mrefu. Nimekukumbuka. Nimemkumbuka na baba. Mwangalie mama huyu, anangoja kwenye magunia kwa sababu aliniamini. Basi, ndivyo tulivyo. Amina."

"Amina," akasema mama. Wanawake wa Goma nao wakasema amina, na mmoja akaongeza kwa furaha kwamba wao pia wamechoka kungoja.

Hakusikia jibu lolote. Kitu cha Ngara, kile cha kwenye migomba, hakikurudi kama alivyokitamani. Alichosikia ni hamu yenyewe, nzima, inauma, na safari hii haikumtia aibu. Ilionekana kwake kwamba pengine kwa miaka yote hii hilo ndilo lilikuwa ombi lake la kweli, na yale mengine ya asubuhi yalikuwa yakiliwekea kifuniko.

Christella akatokea, viatu vya ofisini vimejaa vumbi, kitambulisho cha kazi bado kiko shingoni. Alianza kwa ukali, kwa Kinyarwanda: umetutesa, mama, ungekufa njiani. Kisha akamwona mama anavyomtazama, kwa adabu, kama mgeni anavyotazamwa, na ukali ukamwishia.

"Huyu dada naye anasafiri?" mama akamuuliza Gakwaya.

Gakwaya akamtazama Christella. Halikuwa lake kujibu. Christella alisimama pale, mkoba umebanwa kifuani, midomo inatafuta. Maneno yalipokuja yalikuja moja moja.

"Naitwa Christella," akasema kwa Kiswahili. "Mimi... mimi ni mtoto wako. Wa mwisho. Nimekuja kuchukua wewe."

Mama akaangua kicheko. "Unaongea kama mtoto wa darasa la pili!" Kisha akasogea, akapigapiga gunia. "Kaa, mama. Utachoka bure."

Christella akakaa, na suti yake, juu ya maharage. Mama akampa andazi lililobaki, akamwuliza kama kwao wako wengi. "Tuko watano," Christella akasema. Mama akauliza mvua kwao ikoje. "Iko... imenyesha." Alikuwa anakosea na analia na anaendelea, na mama alikuwa anamsahihisha kwa upole, neno kwa neno, kama labda alivyosahihishwa yeye na mke wa Mwalimu Mhando. Gakwaya alitazama pembeni.

Basi la Rusumo likawasha moto, likatoka taratibu, Sangwa akilipiga bati la ubavuni. Wote watatu walilitazama mpaka likapotea barabarani.

"Lilikuwa limejaa," mama akasema. "Tutapanda la kesho. Eti, mtoto wa Rwema?"

Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi tena, liko ulimini. "Sijui, mama," Gakwaya akasema. "La kesho sijui. Ila kesho nitakuja kukuona. Hilo najua."

Alikwenda kesho yake, na baada ya hapo akawa anakwenda kila alipopata nafasi. Suala la safari walilijadili kwa dhati, yeye na Christella. Daktari akakataa, akasema moyo wa mama hautahimili barabara ile, na kumpeleka mahali ambapo Mama Mhando hayupo tena kungemvuruga zaidi. Wakakubali, kwa shingo upande.

Jumapili iliyofuata Gakwaya aliacha mahubiri aliyoyatayarisha. Aliwaambia waumini kuhusu gunia na andazi, na kwamba yeye, mchungaji wao, anaikumbuka nchi ya ugenini, na kwamba kuna asubuhi nyingi anaomba bila kumwona Mungu. Alikwama mara mbili. Mzee wa kanisa, Hakizimana, alimvuta pembeni baadaye. "Hayakuwa mahubiri yale, Pasiteri," akasema kwa kusikitika. "Hayana mwisho." Gakwaya akakiri kwamba hayana. Lakini nje walikuwa wamesimama watu ambao kwa kawaida huwahi kuondoka: mmoja wa Bujumbura, mwingine wa Masisi, wengine wa Kampala. Hawakuwa wanazungumza neno la Mungu. Walikuwa wanaulizana kwao kulipikwa nini.

Kufikia mwezi wa kumi mama aliacha kuuliza habari za safari. Hakufunga tena furushi; alikaa barazani, akashikwa mkono, akatabasamu. Ungedhani Christella angefurahi. "Natamani aniombe tena nimpeleke," alimwambia Gakwaya siku moja, kwa Kiswahili chake ambacho sasa kilikuwa kimefika kama darasa la tano. Gakwaya alielewa. Naye alikuwa akienda pale kila mara akitumaini kusikia baba yake akiimba vibaya mahali fulani, sasa hivi, akiwa hai. Na mama hakumtaja tena.

Siku hiyo alirudi nyumbani mnyonge. Winifred alikuwa anatoa mawe kwenye mchele barazani. Hakumuuliza kitu, alishazoea kutoambiwa. Gakwaya akavuta kigoda, akakaa, akachukua ungo wa pili.

"Leo sikumsikia baba," akasema. Na akamweleza yote, randa na milango na wimbo, na kitanda kilichoelekezwa magharibi. Alimweleza kwa Kinyarwanda, akichomeka Kiswahili pale Kinyarwanda kilipokataa. Winifred alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimesimama juu ya mchele.

"Urukumbuzi," akasema taratibu. Hamu. "Sikujua nawe unayo."

"Nawe?"

"Mimi?" Akatazama bondeni, upande usio na Mbarara wala dalili yake. "Kuna harufu ya maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, kwa bibi yangu. Mwaka wa ngapi huu hujaniuliza?"

Gakwaya hakuhesabu. Aliusogeza ungo kando, akamgeukia. "Hebu niambie," akasema. "Kulikuwaje kwa bibi?"

Winifred akafikiri aanzie wapi. Kisha akaanza.